Kuanza kazi ya masoko ya mtandaoni pale ambapo mauzo hufungwa WhatsApp

Mteja aliyeko Mwanza anaona gauni saa tatu usiku kwenye ukurasa wa Instagram wa duka lililopo Kariakoo. Anauliza bei kwenye maoni, anaambiwa aje inboksi, anahamia WhatsApp, anaomba apunguziwe, anaaga bila kununua, anarudi baada ya siku mbili mshahara ukiwa umeingia, anatuma fedha kwa simu, na mzigo wake unapakiwa kwenye basi la alfajiri. Biashara imefanyika na kila mmoja ameridhika, lakini ukimwuliza mwenye duka ni picha ipi iliyomleta yule mteja, atakujibu kwamba hajui.

Kozi nyingi za masoko ya kidijitali zimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo duka lina tovuti, mnunuzi analipa kwa kadi papo hapo, na programu ya takwimu inamfuata tangu alipobofya tangazo hadi alipolipa. Kwetu safari hiyo hukatika katikati, kwa sababu mapatano ya bei hufanyika kwenye gumzo, malipo hupita kwenye pesa za simu au hutolewa mkononi mzigo unapofika, na hakuna programu inayoyaunganisha yote hayo. Kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii akidhani kazi yenyewe ni kuposti picha nzuri na kukusanya wafuasi atabaki akilipwa fedha ya vocha, maana hataweza kumwonyesha mwajiri kilichoingia kwenye droo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye daftari, na mambo ya picha na matangazo yatafuata.

Tafuta kwanza biashara moja, na iwe moja kweli. Inaweza kuwa ya fundi cherehani wa mtaani kwenu, ya shangazi anayeuza vitenge, au ya jirani anayeoka keki za sherehe. Jambo la lazima ni kwamba iwe inauza tayari, iwe na bidhaa inayopatikana kila wiki, na mwenyewe akubali mambo mawili kwa muda wa miezi mitatu, yaani uone ujumbe unaotoka kwa wateja na uone mauzo ya kila siku. Asiyekubali jambo la pili mwache kwa heshima, hata kama ana wafuasi elfu hamsini. Kuhusu malipo katika miezi hiyo, mimi huwashauri wanaoanza waombe angalau bando na nauli, kwa kuwa kazi ya bure kabisa haipewi uzito na mtu yeyote, hata na anayeifanya.

Wiki ya kwanza usiposti chochote. Kaa dukani siku tatu au nne, kisha rudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani na uandike maswali ya wateja 100 wa mwisho kwa maneno yao wenyewe, bila kuyanyoosha. Utaona kwamba yanajikusanya katika mafungu machache: bei, saizi, mahali duka lilipo, gharama ya kutuma mkoani, na lile swali ambalo wengi huliuliza kwa kuzunguka, yaani kama duka hili lipo kweli au ni la matapeli. Fungu hilo la mwisho ndilo lenye fedha nyingi zilizolala. Mtu anayeuliza kama anaweza kulipa baada ya kupokea mzigo ameshaipenda bidhaa, ila anaogopa kudhulumiwa, na hofu yake haiondolewi na picha nyingine ya gauni lile lile. Huondolewa na video fupi inayoonyesha njia ya kufika dukani kutoka kituo cha daladala, mzigo ukifungwa na kuandikwa jina la mkoa unakokwenda, jina la biashara linalojitokeza mteja anapolipa kwa Lipa Namba, na sura ya muuzaji mwenyewe akizungumza. Orodha hiyo ya maswali 100 inakupa kazi ya miezi miwili ya maudhui bila kukuna kichwa.

Suala la bei linastahili neno lake. Wafanyabiashara wengi huficha bei na kumwita mteja inboksi, na wana sababu zao: washindani wanachungulia, na bei yenyewe hutegemea mapatano. Naelewa, lakini kwa maoni yangu mazoea haya yanawagharimu. Muuzaji aliye peke yake dukani hawezi kujibu watu 60 kwa siku, na wanaokosa jibu ndani ya saa moja huenda kwa jirani. Mshawishi mwenye duka aandike walau bei ya kuanzia kwenye nusu ya bidhaa zake kwa wiki mbili, na nusu nyingine iachwe kama ilivyokuwa, kisha mlinganishe mauzo ya pande zote mbili. Usibishane naye kwa nadharia. Mwache alione tofauti kwenye daftari lake, na kama mazoea yake yatashinda, basi na wewe umejifunza jambo.

Baada ya hapo panga WhatsApp Business, programu isiyolipiwa ambayo wengi wameipakua na kuitumia kama WhatsApp ya kawaida. Ina katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka yanayoandikwa mara moja na kuitwa kwa alama fupi, na lebo za kutenganisha wateja: aliye mpya, anayesubiriwa alipe, aliyelipa, na ambaye oda yake imekamilika. Lebo hizo ndizo daftari lako la kwanza. Jambo jingine ambalo wanaoanza hulipuuza ni orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list), inayotuma ujumbe mmoja kwa wengi huku kila mmoja akiupata peke yake. Hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe wake humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Kwa hiyo kila mteja anapolipa, aombwe kwa adabu aihifadhi namba, na apewe sababu ya kufanya hivyo, kwa mfano kwamba mizigo mipya hutangazwa huko siku moja kabla ya kuwekwa Instagram.

Sasa tuje kwenye kipande kilichokatika katikati ya safari. WhatsApp inaruhusu kutengeneza kiungo kinachoanza na wa.me, kikifuatiwa na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, ambacho kinaweza kubeba salamu iliyoandikwa tayari. Tengeneza viungo vitatu vyenye salamu tofauti: cha Instagram kiseme «Habari, nimeona mzigo wenu Instagram», cha TikTok kiwe na maneno yake, na cha tangazo la kulipia kiwe na maneno yake. Mteja akibofya, salamu hiyo inakuja yenyewe, nawe unajua ametokea wapi bila kumhoji. Wako watakaoifuta na kuandika yao. Hao waulizwe swali moja jepesi baada ya kulipa, si kabla. Kisha fungua jedwali kwenye simu au hata daftari la karatasi lenye safu sita: tarehe, alikotoka, alichouliza, kama alinunua, kiasi alicholipa, na sababu ya kutonunua kama imejulikana. Kulijaza kunachosha, hasa jioni ya Jumamosi, lakini jedwali hili ndilo litakalokutofautisha na kijana mwingine mwenye simu nzuri kuliko yako.

Upande wa picha na video sitakaa sana, kwa sababu hapo vijana wengi wananizidi. Simu ya kawaida inatosha, mwanga wa asubuhi mlangoni mwa duka unashinda taa za dari, na kioo cha kamera kifutwe kabla ya kila picha. Weka maandishi juu ya video, maana anayetazama akiwa kwenye daladala amezima sauti. CapCut ya kuhariri video na Canva ya kusanifu picha zina sehemu zisizolipiwa zinazokidhi mahitaji ya mwaka wako wa kwanza. Kuhusu muziki, akaunti za biashara kwenye Instagram na TikTok hazipewi nyimbo zote zinazopatikana kwa akaunti binafsi, na wimbo wa Bongo Fleva uliowekwa kwenye tangazo bila ruhusa ya mwenye haki unaweza kukuletea madai. Tanzania masuala hayo yapo chini ya Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Kalenda ya maudhui iandikwe kwa kufuata mfuko wa mteja. Tarehe 25 hadi 5 ni siku za mshahara, na tangazo la bidhaa ya bei kubwa lina maana wakati huo kuliko tarehe 15. Januari ni ada na sare za shule, hivyo muuza magauni apunguze sauti na muuza mabegi aipandishe. Ramadhani husogea nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, na mauzo ya nguo za Idi hayasubiri wiki ya mwisho, kwa kuwa fundi anahitaji muda wa kushona. Sabasaba, Nanenane na misimu ya harusi vina watu wake. Lugha nayo ifuate mnunuzi. Yale maswali 100 yatakuonyesha kama wateja wako huandika «bei gani» au «mnauzaje», na maneno hayo hayo ndiyo yaende kwenye maelezo ya picha. Tangazo lililoandikwa kwa ladha ya Dar es Salaam likipelekwa Nairobi bila kubadilishwa husomeka kama la mgeni, hata kama kila neno ni sahihi.

Tangazo la kulipia lije mwezi wa pili, baada ya kujua picha ipi inaleta maswali bila kulipiwa. Kitufe cha kukuza posti kilichopo kwenye simu ni chepesi, lakini hukunyima mamlaka mengi. Jifunze mapema Meta Ads Manager, zana ya kuendesha matangazo ya Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, na uchague tangazo la kuleta ujumbe, ili anayebofya afike moja kwa moja WhatsApp. Malipo mara nyingi huhitaji kadi, na asiyekuwa na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa za simu; Kenya, kwa mfano, Safaricom na Visa walizindua kadi ya namna hiyo ndani ya M-Pesa mwaka 2022. Kadi iwe ya mwenye biashara na si yako. Kumbuka pia kwamba kodi huweza kuongezwa juu ya bei ya tangazo, kwa hiyo bajeti ya shilingi 60,000 usiipange yote hadi senti ya mwisho.

Tuchukue tarakimu za mfano. Umetumia shilingi 60,000 kwa siku 10, tangazo limefikia watu 24,000, watu 120 wametuma ujumbe, na 9 wamenunua, kila mmoja akiacha faida ya shilingi 15,000. Aliyezoea kuhesabu wafuasi atatangaza kwa shangwe kwamba amefikia watu 24,000. Wewe utasema hivi: ujumbe mmoja umegharimu shilingi 500, mnunuzi mmoja amegharimu takribani shilingi 6,700, faida ni shilingi 135,000, na baada ya kuondoa gharama ya tangazo zimebaki 75,000. Kisha utatazama safu ya sita na kugundua kwamba kati ya wale 111 ambao hawakununua, 40 waliuliza saizi ambayo haikuwepo. Tatizo hilo halitatuliwi na tangazo jingine. Litatatuliwa mzigo unaofuata utakapoagizwa. Siku utakapompelekea mwenye duka taarifa ya namna hiyo, atakuita kwenye mazungumzo ya kununua bidhaa, na hapo ndipo utakapoanza kuhesabiwa kuwa mtu wa masoko.

Ipo njia ya pili katika fani hii, na inafaa ujue mapema kwamba ni tofauti sana. Kampuni za safari za Arusha na Moshi, na hoteli za Zanzibar, huuza kwa watu walioko Ulaya na Marekani ambao hupanga miezi mingi kabla ya kusafiri. Huko tovuti ipo, barua pepe ipo, malipo ya kadi yapo, na mafunzo ya nje yanafanya kazi karibu kama yalivyoandikwa. Anayetaka njia hii ajifunze kuandika kurasa zinazopatikana kwenye Google, asimamie maoni ya wageni kwenye Tripadvisor na Google, na aijue programu ya takwimu za tovuti, Google Analytics ya kizazi cha nne, ambayo tangu Julai 2023 ndiyo imechukua nafasi ya ile ya zamani. Aijue pia bidhaa yenyewe: nyumbu huvuka mto Mara kati ya Julai na Oktoba, huzaa kusini mwa Serengeti, upande wa Ndutu, mwanzoni mwa mwaka, na makala ya kuvuka mto inayochapishwa Agosti imechelewa kwa msomaji anayepanga likizo ya mwaka huo huo. Kiingereza kizuri cha kuandika ni sharti, na Kijerumani au Kifaransa ni nyongeza inayolipwa. Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine kunawezekana, lakini usizichanganye katika mwaka wako wa kwanza.

Vyeti vinasaidia kupita mlango wa kwanza wa maombi ya kazi. Google Skillshop hutoa mafunzo na mitihani ya Google Ads bila malipo, na cheti chake hudumu mwaka mmoja. HubSpot Academy nayo ina kozi zisizolipiwa, na Meta ina mafunzo ya bure ya matangazo yake. Chukua viwili vinavyolingana na kazi unayoiomba. Wasifu wenye vyeti tisa na bila biashara hata moja iliyowahi kuhudumiwa humfanya msomaji ajiulize maswali, na mimi nikiwa mmoja wa wanaousoma hurudi haraka kwenye ule wenye ukurasa mmoja wa jedwali la mauzo. Ukurasa huo uutengeneze miezi mitatu itakapoisha: hali ya mwanzo, ulichobadilisha, gharama, mauzo, na jambo moja lililoshindikana na sababu yake. Omba ruhusa ya mwenye biashara kabla ya kuonyesha tarakimu zake, na akikataa, taja asilimia tu na ufiche jina.

Ukiwa na ukurasa huo, nenda kwa biashara mbili zinazofanana na ya kwanza, kwa sababu maarifa ya magauni hayahamii kirahisi kwenye vipuri vya magari, au omba nafasi ya mwanzo katika wakala wa matangazo, benki, kampuni ya simu au shirika lisilo la kiserikali. Ukijitegemea, ulipwe ada ya mwezi kwa kazi iliyoandikwa wazi: idadi ya machapisho, saa za kujibu ujumbe, siku ya taarifa, na fedha za matangazo zikiwa nje ya ada yako. Sehemu ya saa za kujibu ndiyo inayovunja mikataba mingi, kwani mteja hudhani umekubali kuwa macho usiku kucha. Jisajili mapema upate namba ya mlipakodi kwenye Mamlaka ya Mapato, TRA, maana kampuni rasmi haitakulipa bila hiyo, na Tanzania Bara hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma kabla hayajakufikia. Dai hati ya makato hayo kila mara.

Sheria nazo zimebadilika, na anayeposti kwa niaba ya wengine hawezi kusema hakujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu 2019. Mwaka 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo Kenya ilitoza sehemu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa hiyo picha ya mteja aliyevaa gauni lako inahitaji kibali cha maandishi, hata cha ujumbe wa WhatsApp, na picha ya gumzo inayoonyesha namba au jina la mtu isipostiwe kamwe, ingawa maduka mengi hufanya hivyo kila siku kama ushahidi wa uaminifu.

Usitegemee mtandao mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takribani saa sita. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa Tanzania. Na kuanzia siku ya uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti yenyewe ilikatwa kwa siku kadhaa. Kila Jumatatu hamisha majina na namba za wateja walioridhia kuwekwa kwenye orodha, ziende kwenye faili la mwenye biashara lililo nje ya mitandao, ili mtandao mmoja ukizimika waweze kupata ujumbe mfupi wa kawaida, na ukikatika wote wapigiwe simu.

Mwisho ni nywila. Usizipokee. Ukurasa, akaunti ya matangazo na wasifu wa biashara kwenye Google vifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, vilindwe kwa uthibitishaji wa hatua mbili, nawe uongezwe kupitia Meta Business Suite, zana ya Meta ya kusimamia kurasa, kama msimamizi anayeweza kuondolewa. Niliwahi kupokea kazi ya ukurasa wenye miaka minne ambao ulifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi. Tulihangaika wiki sita, hatukuupata, na tukaanza upya na wafuasi sifuri. Tangu hapo, siku mkataba wangu unapoisha, hukaa na mwenye biashara mbele ya simu yake, tunafungua orodha ya wasimamizi pamoja, ananiondoa kwa kidole chake mwenyewe, na ninamkabidhi jedwali la mauzo likiwa limejazwa hadi jioni ya siku hiyo.